Jua Kwanza Kilichouua Msumeno

Msumeno wa mnyororo unaowaka kwa kuvutwa mara moja mbele ya mnunuzi unaweza kuwa umebakiza siku chache za uhai. Na ule ambao mwenyewe anaapa kwamba umekufa kabisa unaweza kuwa na injini safi, iliyozimwa na kipande cha mpira kisichofikia bei ya soda. Anayenunua misumeno ya mtumba kwenye matangazo ya simu bila kulijua hilo atalipa pesa nyingi kwa mashine inayonguruma, aache nzuri iliyonyamaza ichukuliwe na mwingine. Ushauri wangu wote hapa unatokana na jambo hilo. Usinunue mlio, nunua pistoni na silinda. Na kabla hujafunga spea hata moja, jua kwanza ni nini kilichoiua mashine uliyonunua.

Chanzo ni jinsi injini hii inavyopata ulainisho. Injini ya msumeno ni ya mipigo miwili, haina oili inayokaa chini kama ya gari. Oili pekee inayofika kwenye pistoni, kwenye ringi na kwenye beringi za kranki ni ile uliyoichanganya na petroli. Mchanganyiko huo hupita kwanza kwenye nyumba ya kranki, ndipo unapanda juu kuchomwa. Kwa hiyo petroli inapopungua, oili nayo inapungua, na wakati huohuo joto linapanda. Oili sili iliyokauka pembeni mwa kranki, au mpira uliopasuka kati ya kabureta na silinda, hupitisha hewa ambayo kabureta haikuipangia. Mafundi husema injini "inakula hewa". Mashine itanguruma kwa nguvu kuliko kawaida, mwendeshaji atafurahi, na kabla ya tangi kuisha pistoni itakuwa imevimba kwa joto na kukwaruza ukuta wa silinda. Fundi akifunga pistoni mpya bila kuziba mahali hewa ilipopitia, ameandaa tu kifo cha pistoni ya pili. Nimeona mashine nzuri zikitupwa kwa kosa hilohilo, huku mwenye mashine akilaumu spea za siku hizi.

Kabla hata ya kufungua matangazo, tembelea maduka ya spea ya mji wako. Uliza ni msumeno gani una pistoni, oili sili, mipira ya kabureta na kamba za stata zinazopatikana leo, si za kuagiza. Katika miji inayoishi kwa mbao, kama Mafinga iliyo jirani na shamba la miti la Sao Hill, swali hilo hujibiwa haraka kwa sababu mafundi wamezoea aina chache zilezile. Msumeno wa aina adimu hata ukipewa bure ni mzigo kama kila nati yake inatafutwa ng'ambo.

Mimi huangalia kwanza mashine zilizoundwa kwa ajili ya wakata miti wa kazi, hata zikiwa na umri. Stihl 038 Magnum na wadogo zake MS 380 na MS 381 zina ujazo wa sentimita za ujazo 72 hivi. Husqvarna 61, 268 na 272 ni za ukoo mmoja na zinachangia spea nyingi, na Husqvarna 365 ni nyepesi kidogo ila ina nguvu ya kutosha kwa paina na milingoti ya kawaida. Hizi zina nyumba ya kranki ya magnesiamu, na silinda inafungwa juu yake kwa bolti nne. Unaitoa silinda peke yake, unaitazama, unairudisha. Misumeno midogo ya kukatia kuni za nyumbani mara nyingi haijengwi hivyo. Ili uione pistoni yake vizuri inabidi uing'oe injini nzima kutoka kwenye bodi la plastiki, na gharama ya ufundi inakaribia bei ya mashine.

Stihl 070 inahitaji maneno yake peke yake, maana ndiyo inayoulizwa sana na wapasuaji wa mbao. Ina ujazo wa sentimita za ujazo 106 na nguvu ya kilowati 4.8, uzito wake unapita kilo kumi kabla hujafunga baa na cheni, na inapasua gogo nene bila kulalamika. Lakini haina breki ya cheni. Baa ikigonga kwa ncha na kurukia nyuma kuelekea usoni, hakuna kitu cha kuisimamisha cheni isipokuwa mikono yako. Kwa aliyezoea kupasua gogo lililolala, akisimama sawasawa, inatumika. Kwa mtu anayejifunza kuangusha miti, nasema wazi asiinunue, hata ikiwa bei inamvutia kiasi gani. Zile za zamani zaidi, pia, zina pointi za kuwashia zilizofichwa chini ya flaiwili. Pointi zikishika kutu moto unapotea, na muuzaji asiyejua ataitangaza kuwa mbovu. Hapo mwenye subira hupata mashine nzuri kwa bei ndogo.

Kuna pia kopi. Soko limejaa misumeno mipya yenye umbo na rangi za 070 na 380 isiyotoka kwenye viwanda vya Stihl, na baada ya miaka miwili ya vumbi ni vigumu kuitofautisha kwenye picha. Stihl halisi ina namba iliyopigwa kwenye chuma cha bodi lenyewe, si kwenye karatasi iliyobandikwa. Kingo za chuma kilichomiminwa ni safi, na skrubu zake ni za aina moja mashine nzima. Kopi si takataka, wapo wanaoipatia riziki. Ila ilipiwe bei ya kopi, na muuzaji anayeiita orijino huku hataki kukuonyesha namba usimfuate.

Sasa tangazo lenyewe. Iwe ni Jiji, Facebook au kundi la WhatsApp la wauza mashine, picha za kwanza hazina maana kubwa. Zimepigwa ili zipendeze, na nyingine zimechukuliwa kwa muuzaji mwingine. Omba picha mpya, karatasi yenye tarehe ya leo ikiwa imewekwa juu ya mashine. Omba pia picha ya namba, ya upande wa cheni kifuniko kikiwa kimetolewa, na ya muhimu kuliko zote, picha ya pistoni ikionekana kupitia tundu la ekzosi. Andika kwa adabu na kwa uwazi: "Kaka, habari za kazi. Msumeno nimeupenda. Naomba ufungue zile nati za ekzosi, uvute kamba taratibu mpaka pistoni ifunike tundu, unipigie picha kwa tochi. Ikiwa safi, leo hii tunaongea bei." Kazi hiyo haichukui robo saa. Anayeikubali mara nyingi ni mtu wa kweli. Anayejibu kwamba hana spana, huku anauza mashine, amekujibu.

Kisha uliza swali ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Mara ya mwisho ilifanya kazi lini, na ilizimikaje? Usiulize kama ni nzima, maana jibu unalijua. Namna mashine ilivyozimika hubeba nusu ya uchunguzi. Ilizima ghafla ikiwa kwenye nguvu zote, na kamba ikawa ngumu kuvutika? Pistoni imeng'ang'ania, jiandae kulipia pistoni na pengine silinda. Ilikuwa inawaka asubuhi, ikipata moto inazima na hairudi mpaka ipoe? Shuku koili, au ringi zilizochoka zinazopoteza kompresheni injini ikipanuka. Inafanya kazi dakika kumi, inakufa, ukifungua kifuniko cha tangi inasikika pumzi na inawaka tena? Ni tundu la kupumulia la tangi limeziba, na hapo umepata mashine nzima kwa bei ya mbovu. Ilianza kugoma kidogo kidogo, ikidai choki hata ikiwa ya moto? Mipira ya kabureta imekauka au mrija wa petroli umechanika. Kamba inavutika kirahisi mno, haina upinzani? Kompresheni imekwenda, au plagi imelegea tu. Andika majibu yote kabla hujaongelea bei, kwa sababu ukishapewa bei nzuri masikio huziba.

Swali la muda nalo ni zito. Petroli iliyoachwa ndani ya kabureta hukauka na kuacha utando wa gundi unaoziba matundu membamba, na mpira wa diaframu hugeuka kuwa mgumu. Kenya ilisimamisha uvunaji katika misitu ya umma na ya jamii mwezi Februari 2018, na zuio likaendelea kwa miaka. Ukikutana na msumeno uliolala stoo tangu wakati huo, usishangae ukikataa kuwaka, na usiuogope pia. Mashine iliyolala ikiwa na pistoni safi ni afadhali kuliko iliyofanya kazi hadi jana ikiwa imejeruhiwa. Ila usikubali muuzaji aiwashe kwa nguvu baada ya usingizi mrefu kama huo, kwa petroli ya zamani, ili akutumie video. Akufungulie ekzosi kwanza.

Kuhusu pesa, sina la kulegeza. Usitume hata senti kabla mashine haijaonwa na jicho unaloliamini. Ile lugha ya "tuma nusu na ya kutolea, nikupakilie kwenye basi la saa kumi na mbili" imewaliza watu wengi, na namba ya simu huzimwa kabla basi halijatoka stendi. Kama muuzaji yuko mkoa mwingine, tafuta fundi wa misumeno katika mji ule, mlipe muda wake, aende akaitazame, na umtumie muuzaji pesa fundi akiwa bado amesimama pale. Ada ya fundi huyo ihesabu kama sehemu ya bei. Mashine ikipakiwa, matangi yote mawili yamwagwe kabisa na vifuniko vikazwe. Kwa ndugu walioko Ujerumani au Uingereza wanaowanunulia jamaa zao nyumbani, hili ni lazima zaidi, kwani mizigo ya ndege haipokei mashine yenye mabaki ya petroli wala harufu yake. Imwagwe, iwashwe mpaka izime yenyewe, ioshwe, ikauke.

Mashine ambayo namba yake imesagwa kwa grainda usiinunue kwa bei yoyote. Andikianeni hati ya mauziano yenye namba ya msumeno, majina kamili na namba za vitambulisho, mbele ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Na kabla ya yote hayo pitia ofisi ya misitu ya wilaya, au Wakala wa Huduma za Misitu kwa walio Tanzania, uulize masharti ya kusajili na kutumia msumeno katika eneo lako. Msumeno usio na karatasi unaweza kukamatwa siku ya kwanza ya kazi, na hata fundi bingwa hawezi kukutoa hapo.

Mkikutana, shika injini kwanza. Iwe baridi. Muuzaji aliyeipasha moto kabla hujafika amekunyima habari, kwa sababu ugumu wa kuwaka huonekana ikiwa baridi. Inyanyue mashine kwa mpini wa stata, uiache ining'inie. Yenye kompresheni nzuri hushuka kwa hatua, ikisita kila pistoni inapopanda, na iliyochoka huteremka moja kwa moja. Ukiwa na geji ya kompresheni ni bora zaidi. Vuta kamba mpaka sindano isipande tena. Kwenye mashine hizi za kazi mimi napenda kuona 140 psi na kuendelea, na chini ya 110 nahesabu kwamba ringi au pistoni inanidai. Usipime kitufe cha kupunguzia kompresheni kikiwa kimebonyezwa.

Fungua ekzosi mwenyewe, hata kama ulipata picha. Pistoni nzuri ina uso wa kijivu laini wenye mistari midogo ya kiwanda. Mikwaruzo ya wima upande wa ekzosi inasema joto na ukavu, yaani oili kidogo, petroli kidogo, au hewa inayoliwa. Mikwaruzo upande wa kabureta inasema vumbi lililopita kwenye chujio la hewa lililotoboka au lisilofungwa vizuri. Kutofautisha pande hizo mbili kunakuambia nini cha kutafuta baadaye. Halafu shika flaiwili uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi za kranki zimekwisha, na kazi ya kupasua nyumba ya kranki si ya anayeanza. Sukuma kinga ya mbele uone kama breki ya cheni inashika. Tazama kama kile kipande cha chuma kinachokamata cheni ikikatika bado kipo chini ya baa, na kama kifyatulio kinakataa kubonyea mpaka kiganja kishike mpini sawasawa.

Ikiwaka, iache kwenye silensa, yaani bila kubonyeza mafuta, kwa muda, kisha iinamishe mbele, nyuma, na ubavuni. Mlio ukibaki uleule, vizuri. Ukipanda wenyewe kila unapoiinamisha, au ukiachia mafuta na injini ikachelewa kushuka, inakula hewa mahali. Hapo muuzaji atakuambia ni marekebisho ya kabureta tu. Inawezekana ni kabureta, lakini wewe lipa kama mtu anayejua kwamba huenda ni oili sili.

Bei yangu ya mwisho huipanga hivi. Naongeza gharama ya oili sili, mipira ya kabureta, mirija, vichujio, plagi na cheni mpya, vyote vikihesabiwa kama vitahitajika, maana kwa kawaida vinahitajika. Jumla hiyo pamoja na bei ya muuzaji ikivuka nusu ya bei ya msumeno mpya wa daraja lilelile, naaga kwa heshima. Kuna mwingine kesho. Na mara kwa mara inafaa kununua miwili iliyokufa ya aina moja, kama mmoja umekufa kwa silinda na mwingine kwa nyumba ya kranki.

Ukifika nayo nyumbani, vumilia usiiwashe. Ioshe kwanza kwa mafuta ya taa na brashi, hasa mapezi ya silinda na chini ya kifuniko cha klachi, ambako oili na vumbi la mbao hugandamana. Injini hii inapozwa na upepo wa flaiwili peke yake, na mapezi yaliyoziba yanatosha kuwa ndiyo yaliyoiua. Ziba matundu ya kabureta na ekzosi kabla ya kuosha, uchafu usiingie ndani. Piga picha kila hatua kwa simu, na kila kundi la skrubu liweke kwenye kifuko chake. Kufungua klachi kunawashinda wengi kwa sababu kwenye misumeno mingi uzi wake ni wa kinyume, unafunguka ukizungusha kuelekea kulia. Ili injini isizunguke, ingiza kamba safi kupitia tundu la plagi mpaka ijae juu ya pistoni. Usitumie bisibisi wala chuma chochote humo.

Kisha jaribu upumuaji wa injini, na hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie. Toa kabureta na ekzosi, ziba matundu yake yote mawili kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyobanwa na bolti zilezile. Peleka pistoni chini kabisa, unganisha pampu ya mkono yenye geji kwenye tundu la plagi, na upandishe mpaka nusu ya bar. Sindano ikae hapo. Ikishuka, paka maji ya sabuni pembeni mwa flaiwili, nyuma ya klachi, kwenye gasketi ya silinda na kwenye mpira wa kabureta, utaona mapovu. Halafu fanya kinyume chake, nyonya hewa, kwa sababu zipo oili sili zinazozuia hewa kutoka huku zikiruhusu kuingia. Kipimo hiki hakihitaji mashine ya gharama, lakini ni wachache wanaokifanya. Ndicho kinachotofautisha ukarabati na ubashiri.

Kama pistoni ina mikwaruzo, chunguza silinda kwa ukucha. Mara nyingi kinachoonekana kama jeraha ni aluminiamu ya pistoni iliyoganda juu ya ngozi ngumu ya silinda, na ngozi yenyewe ni nzima. Msasa laini na mikono yenye subira huitoa. Asidi ya hidrokloriki huitoa haraka zaidi, ikipakwa kwa kijiti cha pamba juu ya doa peke yake. Fanya kazi hiyo nje, ukivaa glovu na miwani, asidi isiguse kingo za matundu ambako aluminiamu iko wazi, na suuza kwa maji mengi. Ngozi ikiwa imemenyeka na chuma cha chini kinaonekana, silinda hiyo imekwisha. Wakati wa kufunga pistoni mpya, mshale wake uelekee ekzosi, ncha za ringi zikae kwenye pini zake, na zile klipsi za pini ziwe mpya siku zote. Klipsi ya zamani ikichomoka ndani inamaliza silinda kwa sekunde.

Oili sili, mpira wa kabureta, mrija wa petroli na kichujio cha ndani ya tangi mimi hubadilisha bila kujiuliza kwenye mashine yoyote ya zamani. Kabureta ifungue, weka diaframu na gasketi mpya, puliza matundu kwa hewa na kimiminika cha kusafishia. Usichokoe kwa waya. Moto wa plagi ukiwa dhaifu, angalia kwanza nafasi kati ya koili na flaiwili. Kadi ya kawaida ya biashara ikipita katikati kwa kubanwa kidogo, inatosha.

Kuchanganya mafuta vibaya kumeua misumeno mingi kuliko uzee. Kwa oili nzuri ya mipigo miwili inayokubali uwiano wa 1 kwa 50, lita moja ya petroli inapokea mililita 20. Kwa oili ya kawaida, na kwa mashine za zamani kama 070, fuata 1 kwa 25, yaani mililita 40 kwa lita. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, liwe la kazi hiyo tu, na uache kupima kwa kifuniko cha chupa au kwa kuangalia rangi. Petroli itoke kituoni. Ya chupa za barabarani hujui imekaa muda gani wala imechanganywa na nini. Changanya ya wiki mbili tatu, siyo ya msimu.

Kwa marekebisho ya kabureta, funga skrubu za L (ya mwendo wa chini) na H (ya mwendo wa juu) taratibu mpaka zikae, bila kukaza, kisha fungua kila moja mzunguko mmoja. Hapo itawaka. Ipate moto, tafuta kwenye L mahali inapopokea mafuta bila kusita, halafu shusha silensa mpaka cheni isimame kabisa. Skrubu ya H ndiyo yenye roho ya pistoni. Kwenye nguvu zote bila mzigo, mlio uwe na kukwaruza kidogo, wa kuvunjikavunjika, na ukiingia kwenye gogo unyooke. Mlio mkali uliosafika hewani unawapendeza vijana, lakini ni mlio wa injini inayokauka.

Baa na cheni nitazipitia kwa haraka. Gurudumu la meno linaloendesha cheni likiwa na mikwaruzo ya nusu milimita, libadilishwe pamoja na cheni, la sivyo cheni mpya italiwa na gurudumu la zamani. Tupa ya duara iendane na hatua ya cheni kwa inchi: milimita 4.8 kwa .325, milimita 5.2 au 5.5 kwa 3/8, milimita 5.5 kwa .404. Kwa kukatiza nyuzi za mti piga jino kwa digrii 30, na kwa kupasua mbao punguza mpaka digrii 10 hivi, mbao itatoka laini. Meno haya yaliyopinda kulia na kushoto yalibuniwa mwaka 1946 na mkata miti wa Marekani, Joseph Cox, baada ya kumtazama buu wa mbawakawa akitafuna ubao, na sijaona umbo lililoyashinda. Msumeno ukitoa unga badala ya chenga, noa. Kuusukuma kwa mabega kunapasha injini moto uliohangaika kuuzuia. Oili chafu ya gari usiitie kwenye tangi la cheni. Ina vumbi la chuma linalokula pampu, na yote inaishia kwenye ngozi na mapafu yako. Hakikisha pampu inafanya kazi kwa kuelekeza ncha ya baa kwenye kisiki cheupe na kukanyagia mafuta kidogo. Mstari wa oili utajichora.

Kabla ya mti wa kwanza, breki ishike, kikamata cheni kiwepo, raba za kuzuia mtetemo zisiwe zimepasuka. Buti ngumu, suruali ya kinga, kofia, vizibo vya masikio na miwani viwe kwenye bajeti ileile ya ununuzi, siyo mambo ya baadaye. Kama pesa haitoshi kwa mashine na kinga, nunua mashine ya bei ya chini zaidi.

Matangi mawili matatu ya kwanza, endesha kwa H iliyofunguliwa zaidi kidogo ya kawaida, na usiuweke msumeno kwenye nguvu zote kwa muda mrefu bila mzigo. Halafu iache ipoe, fungua ekzosi tena, mulika pistoni. Ikiwa na uso uleule laini uliouona wakati wa kuifunga, funga ekzosi, kaza bolti za silinda na nati zote kwa mara nyingine, upeleke msumeno kazini. Ukiona mstari mmoja mpya, hata mwembamba, usiuwashe tena. Rudi kwenye pampu na maji ya sabuni.